Mlango wa Stoo Unaofundisha Fizikia Nkoaranga

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, kijijini Nkoaranga. Elinami Kaaya anafuta ubao wake, yaani mlango wa stoo ya kahawa uliopakwa rangi nyeusi, huku akijigamba mbele ya wanafunzi kumi na mmoja wa tuisheni: "Tangu nianze fizikia, swali la herufi badala ya namba halijawahi kunibabaisha!"

Tumwache kwanza na sifa zake.

Elinami (31) ni mkulima wa kahawa na migomba. Jumamosi hufundisha kwa shilingi elfu moja kwa mwanafunzi. Asiye nayo huleta parachichi.

Anaandika: jiwe linaangushwa kutoka mita ishirini, litafika chini kwa kasi gani? Wanalimaliza kufumba na kufumbua. Kisha anafuta ile ishirini, anaandika h. Kalamu zote zinasimama! Ungedhani msiba umetangazwa.

Brightness Nnko, anayerudia mtihani wa kidato cha nne, anairudisha ishirini kwenye daftari lake.

"Umeitoa wapi?" anauliza Elinami, akichungulia.

"Swali la juu, mwalimu. Nimeazima."

Wenzake wanaangua kicheko. Yeye anafunga daftari. Akipata F nyingine Novemba, chuo cha uuguzi hakimpokei.

"Namba naziweza," anasema kwa sauti ndogo. "Herufi ndizo hazinitaki. Bora nibaki kuchuma kahawa."

Elinami anatazama migomba. Anamkumbuka Mwalimu Jamaldini, aliyemfundisha fizikia: baraghashia, shati jeupe, vumbi la chaki hadi kwenye kope.

"Alikuwa akituambia herufi ni kiti, namba ni mgeni. Mgeni hajafika, unamkalisha nani?" anasema, akitabasamu peke yake. "Tulikariri kanuni huku tumebeba kahawa kichwani. Siku zile zilikuwa tamu, jamani! Na mimi herufi nilikuwa nazimeza tu."

"Ulimeza nini, wewe?"

Ni Agnela, jirani aliyesoma naye darasa moja, ameleta birika la chai.

"Si uliandika h ni mita thelathini, eti urefu wa mnara wa kanisa! Mwalimu akakuuliza uliupima lini. Ukapata sifuri, ukalia njia nzima mpaka kwenu."

Darasa linalipuka. Elinami anakuna kisogo.

"Kumbe hata wewe, mwalimu?" anauliza Brightness.

"Hata mimi. Na mtihani nilirudia."

Brightness anafungua daftari, anaikata ile ishirini kwa mstari mmoja, anaandika h.

"Ninachotaka," anasema Elinami, akijikusanya, "Novemba huyu binti anipite mimi."

"Kukupita wewe?" Agnela anamimina chai. "Hilo hata bila tuisheni."