Sanduku Lisilofunguka

Mume wangu ni fundi seremala, na kiburi chake ni kimoja tu, ila kikubwa: hatumii msumari wala skrubu. Kila kiungo anakichonga, anakipaka gundi, anakigonga kwa nyundo ya mti, basi, kimeshikana mpaka kiama. Mteja akihama nyumba, shauri yake na kabati lake. Yupo jirani aliyebomoa ukuta ili kabati litoke, na mume wangu huisimulia habari hiyo kama mtu aliyepewa nishani.

Kiburi hichohicho kilimtenganisha na binti yetu. Alipotaka kuolewa na kijana aliyemchagua mwenyewe, baba mtu aligoma. Mtoto akaolewa hivyohivyo, akahamia ng'ambo, na kwa miaka minne hawakusemeshana. Mimi niliongea naye kila Jumapili, jikoni, mlango nimeufunga. Mume wangu alijitia hamnazo, lakini vivuli vya miguu yake nilikuwa naviona chini ya mlango.

Mjukuu alipozaliwa, mume wangu alikwenda karakana, akashinda huko wiki sita, akatoka na kitanda cha mtoto kizuri mpaka nikakasirika, maana droo yangu ya jikoni huu mwaka wa tatu haifungi.

"Nitakipeleka mwenyewe," alisema.

Nikamwelewa. Neno samahani lilimshinda kulitamka, akaona alitengenezee miguu minne. Nilikata tiketi siku ileile, kabla hajabadili mawazo.

Shirika la ndege lilitutumia masharti ya mizigo mikubwa: urefu, upana na kimo vijumlishwe, visipite kipimo chao. Alikipima kitanda mara tatu. Kilitosha, tena vidole viwili vikabaki. Akafurahi, na kwa furaha hiyo akakitengenezea sanduku la mbao. Sanduku hakulipima.

"Sanduku si mzigo," aliniambia nilipouliza. "Ni nguo ya mzigo. Wewe ukipimwa urefu, wanapima na kilemba?"

Kaka yangu ndiye aliyetupeleka uwanja wa ndege kwa pikapu yake. Yeye na wapagazi wawili walilisukuma lile sanduku hadi kaunta, wakihema. Mabegi yetu yalikuwa yameshapokelewa na kumezwa na mkanda wa mizigo. Binti wa kaunta akatoa utepe wake wa kupimia.

"Baba, limezidi."

"Limezidi wapi?"

"Kote."

"Basi tulivue," nikasema, "kitanda kiende chenyewe."

Binti wa watu akakubali. Alisema ni lazima lifunguliwe hata hivyo, watu wa usalama waone ndani. Ofisa wao akaja, akalizunguka mara mbili, akalipapasa kama anayetafuta swichi gizani.

"Mzee, hili linafungukia wapi?"

"Halifunguki," alijibu mume wangu, na Mungu anisamehe, alijibu kwa fahari.

"Sasa mtoto angelalaje?" nikamuuliza.

Mume wangu akaonyesha kwa mkono. "Ningelikata kwa msumeno. Ninao, nimeusafirisha kwa kazi hiyohiyo."

"Uko wapi?" ofisa akauliza.

Sote tukageuka kuutazama mkanda wa mizigo.

Ofisa alikuwa mtu wa huruma. Akatuazimia msumeno kwa mafundi wa jengo, wa kukatia mabomba. Mume wangu aliusema vibaya kwanza, ndipo akaanza kukata. Robo saa nzima alikata, jasho linamtoka, foleni nzima inamwangalia. Gundi yake haikumwonea haya. Alipopumzika, mwanya ulikuwa haupitishi hata kidole.

"Baba, nafunga kaunta baada ya dakika kumi," alisema yule binti, kwa upole.

Mume wangu akakaa juu ya sanduku. "Nenda wewe, mama. Mimi siwezi kufika pale mikono mitupu. Nitamwambia nini?"

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Miaka minne nimebeba salamu zisizotumwa, leo mbao ndizo zimzuie? Nikampigia binti yetu, nikamgandamizia baba yake simu sikioni. Akaikodolea macho sakafu, kisha akasema maneno yake ya kwanza kwa mwanawe tangu aolewe.

"Mimi baba yako. Kitanda kimekwama."

Sauti ya binti yetu haijawahi kuwa ya siri. Hata wapagazi walimsikia.

"Kitanda tunacho, baba. Njoo wewe."

Akanirudishia simu. Akafuta msumeno kwa leso, akamkabidhi ofisa, akaenda kuchukua pasi yake ya kupandia ndege bila kuliangalia sanduku. Kaka yangu akarudi nalo, akilalamika tangu kaunta hadi mlango wa nje.

Kesho yake mchana tulisimama mbele ya nyumba ya binti yetu. Mume wangu alikuwa anajikung'uta vumbi la mbao kwenye suruali ambayo tayari ilikuwa safi. Mlango ukafunguliwa.

"Sikuleta kitu," alisema.

Binti yetu alikuwa na mtoto begani. Alipoona mikono ya baba yake inaning'inia bure, akamweka mtoto humo.

Mume wangu akaanza kulia. "Samahani, mwanangu," alisema akimtazama mtoto, na binti yetu alijua anaambiwa nani. Nikachukua mabegi yote mawili, nikaingia ndani, nikawaacha pale mlangoni.