Mama Anamlilia Kijana wa Kwenye Tamthilia, Mimi Niko Chumba cha Pili

Admin, jina langu lifiche kabisa, hapa Toronto Waswahili tunajuana. Nina miaka 26, naishi na mama mtaa wa Mount Dennis, ghorofa ya tisa. Tulitoka Kigoma nikiwa mdogo. Huu ni mwezi wa kumi na nne sijatoka nje. Niliachishwa kazi, nikasema nipumzike wiki moja, na hiyo wiki haijaisha mpaka leo.

Kanisani walipoanza kuniulizia, mama aliwaambia nimepata kazi Calgary, mji wa mbali huku huku Kanada. Wageni wakija nabana hata kikohozi.

Sasa mama na mama mdogo wamenogewa na tamthilia ya Kijapani. Kijana kajifungia chumbani miaka, mama yake anamwekea sinia la chakula mlangoni. Na mimi naiangalia kwenye simu, huku nawasikia wao sebuleni wakimhurumia. Inaniudhi. Chumba cha yule kijana kimejaa takataka, changu nakifagia kila siku. Kwao akija mtu na maneno mazuri, muziki unapigwa, mlango unafunguka. Mimi mama akienda kazini naosha vyombo, nazunguka sebule, nafika mpaka kwenye lifti, narudi. Hilo hawalionyeshi. Ila nisiwe mnafiki: tangu aanze kuiangalia, mama ameacha kuniita mvivu, na ugali na dagaa naukuta mlangoni umefunikwa.

Jumapili iliyopita akina mama watatu wa kanisani walikuja kuangalia sehemu ya mwisho. Kijana akatoka, mama yake akamkumbatia, sebule nzima ikalia. Sijui nilipatwa na nini, nikavaa gauni, nikashika kitasa. Kwa mara ya kwanza nilitaka watu wanione.

Mmoja akasema, "Mungu atuepushie. Wewe mwenzetu shukuru, wako anajituma Calgary."

Mama akajibu, "Nashukuru kwa kweli. Jana tu kanipigia."

Nikaachia kitasa taratibu kisilie.

Jioni sinia lilikuja na samaki wawili badala ya mmoja. Mama akasimama nje ya mlango. "Mwanangu, ulisikia?" Nikasubiri aondoke ndipo nikavuta sinia, na bado inaniuma.

Jumapili hii wanarudi kuanza tamthilia nyingine. Nikitoka, mama anaumbuka mbele ya kanisa zima. Nisipotoka, sijui kama nitathubutu tena. Gauni nimelitundika, nalivaa, nalivua. Nishaurini jamani, mtu anarudije kutoka mji ambao hajawahi kufika?