Kombe la Sahani Tatu

Mwanasiti hakuwa mtu wa kupekua vitu vya watoto. Ila asubuhi ile, akipangusa meza ya jikoni kwake Coon Rapids, huko Marekani, alikuta daftari la bintiye Fathiya li wazi. Kizungu cha Mwanasiti ni cha kukunja mashuka hospitalini, lakini maneno aliyaokota mojamoja: usingizi hakuna, chakula kidogo, kulia jikoni. Na juu ya ukurasa, saikolojia. Neno hilo alilijua. Kazini ndilo la wodi ya wagonjwa wa akili, ile ya milango ya kufungwa.

"Ya Rabbi, mwanangu!"

Fathiya yu mwaka wa mwisho wa sekondari, na babake ana miaka miwili tangu afariki. Mwanasiti hakumuuliza kitu. Kwao Lamu mgonjwa wa huzuni hasumbuliwi kwa maswali, huandikiwa kombe. Akaenda kwa Mwalimu Aidarus wa msikitini, akaandikiwa aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani tatu nyeupe, kila asubuhi aoshe moja kwa maji ya waridi, mtoto anywe.

Siku ya kwanza Fathiya alikunywa, akaenda zake skuli. Ya pili akauliza, "Mama, umejuaje nina mtihani, ukaniletea kombe?"

"Kunywa tu, mwanangu."

Ya tatu Mwanasiti akashindwa kujizuia. "Hilo somo la saikolojia utaliacha. Leo naenda skuli wakutoe. Mtu hajifunzi ugonjwa wake akapona."

Fathiya akatua kikombe. "Ugonjwa gani?"

Mwanasiti akamsogezea daftari. Msichana akalitazama, akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Mimi nalala kama gogo, mama. Si wewe waniamsha mara nne?"

"Basi ni nani huyu?"

"Tuliambiwa tumwangalie mtu mmoja wa nyumbani, wiki nzima. Nikakuangalia wewe."

"Umenianika kwa watu, Fathiya!"

"Jina sikuandika. Wallahi sikuandika." Akamwonyesha ukurasa. "Tangu Baba aondoke hulali, nami nilikuwa sijui nianzie wapi kukuuliza. Huko darasani ndiko nilikojua kwamba mtu huulizwa. Nataka kulisoma somo hili hata chuo kikuu, mama. Ukinitoa, tutarudi kunyamaziana."

Mwanasiti akageukia jiko. "Mimi silii. Ni kitunguu."

"Kitunguu gani, mama? Wapika chai!"

Kicheko kikamtoka Mwanasiti bila kupenda, na nyuma yake machozi, na safari hii hakuyafuta kwa ncha ya leso. Aliketi. Kikombe cha kombe kilikuwa kimebaki nusu. Akakivuta, akapiga bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Dua haimwagwi," akasema. "Na skuli siendi. Ila hapo umekosea. Usingizi napata, kidogo, baada ya alfajiri. Andika sawasawa."

Fathiya akatafuta kalamu.

"Basi lako la skuli lapita saa ngapi?"

"Bado dakika kumi."

"Haya, niulize."