Dawa ya Munkoyo

Jumapili iliyopita nilikwenda Annexe, pembeni mwa mji wetu, kumsalimu mama mdogo, na mbele ya lupango la nkambo, kiwanja chenye nyumba ya bibi yangu, nikakuta basi. Si teksi, rafiki yangu, basi zima! Limetoka Likasi, limejaa vijana wenye tisheti nyeusi zilizochorwa nyungu. Walikuwa wamepanga mstari kuingia katika ua ambao mimi nilijifunzia kutembea, na kijana mmoja mwenye kipaza sauti anawatangazia: "Hapa njo kwa mulozi! Musiguse kitu!" Damu ikanichemka. Mchawi gani? Pale aliishi nkambo wangu, mama aliyemzaa mama yangu, na kama ulipita mtaa wetu miaka ile, basi na wewe ulikunywa munkoyo wake.

Labda umeusahau munkoyo, maana siku hizi watu wanakunywa vya chupa. Nkambo alipika uji wa mahindi katika nyungu kubwa, akauacha barazani upoe. Sisi wajukuu kazi yetu ilikuwa mizizi. Tulikaa mkekani, kila mtu na jiwe lake, tukaiponda mpaka ikawa nyuzinyuzi, to, to, to, mpaka majirani wa lupango la tatu walijua kesho kuna kinywaji. Vidole viliuma, mikono ilinuka udongo mbichi. Mizizi yenyewe ililetwa na akina mama kichwani kutoka porini, upande wa Kinsevere, kabla pori lile halijazungushiwa nyaya za migodi. Nkambo aliitumbukiza katika uji, akakoroga, na ule uji mzito ukalegea ukawa maji mbele ya macho yetu. Kesho yake ulikuwa mtamu wenye uchachu kwa mbali, na tuligombania mwiko.

Mzizi ule nyumbani kwetu uliitwa dawa. Nkambo hakuwa na jina lingine. "Mujukuu, lete dawa," anasema, na tunajua ni lile fungu la nyuzi. Wateja wakirudi mara ya pili, yeye hupiga ubavu wa nyungu kwa kiganja na kujisifu kwamba dawa ndiyo huwarudisha watu: "Dawa yangu njo inarudishaka bantu!" Watu walicheka wakanyoosha vikombe. Mwalimu wa shule yetu alikunywa amesimama, akarudi darasani na sharubu nyeupe za uji. Jirani alipojifungua, nkambo alimpelekea munkoyo kila asubuhi mpaka mtoto akakaza shingo. Hakuna arusi wala matanga katika mtaa ule vilivyopita bila nyungu yake.

Sasa nikuambie kosa, na kosa ni langu. Nkambo alikuwa amekwisha kufa zamani walipokuja vijana wa filamu wakitafuta nyumba ya matofali ya kizamani yenye kichuguu uani. Mama mdogo, ambaye alibaki humo na kurithi kazi ya mama yake, aliwakubalia kwa sababu walikuwa na adabu. Wakanikalisha barazani niwape hadithi za zamani. Na mimi, mdomo wangu huu, nikawapa zote! Nikamwigiza nkambo, nikapiga nyungu, nikasema lile neno lake. Walicheka mpaka machozi, mmoja akaandika katika daftari. Nilifikiri nkambo wangu atajulikana duniani.

Amejulikana kweli. Katika filamu yao, ile wanayoitoa vipande vipande kwenye simu, kuna bibi mwenye macho mekundu anayeponda mifupa badala ya mizizi. Anapiga nyungu, anasema, "Dawa yangu njo inarudishaka bantu," na asubuhi wanaume wanarudi mlangoni kwake wakitambaa. Dawa! Katika mji wetu neno hilo haliachwi peke yake. Ukisema dawa, ongeza ya nini, kwa maana kwa huyu ni kidonge cha kichwa na kwa yule ni kifo cha mtu. Nalijua hilo tangu utoto. Mbele ya wageni sikuongeza.

Filamu ikawaka kutoka hapa mpaka Kolwezi, na mashabiki wakaanza kuja. Sichukii furaha ya mtu. Na mimi ujanani nilikimbilia magari ya wanamuziki. Lakini hawa wanakuja kutazama uwongo, kisha wanauacha nyumbani kwetu. Wanamwaga chumvi kizingitini, eti kinga. Wanakwangua udongo wa kichuguu wakautia katika vifuko. Wakishapiga picha wanarudi kwao, na mama mdogo anabaki. Wenzake wa kwaya wamemwomba asilete tena kinywaji siku ya sikukuu, eti kwa ajili ya amani. Yule jirani aliyenyweshwa munkoyo akiwa mzazi, leo anawavusha wajukuu wake upande wa pili wa barabara. Mama mdogo ana mvi, anaishi peke yake, na wewe unajua vizuri kinachompata mwanamke mzee katika mji huu jina la uchawi likimganda. Usiniambie ni mchezo. Mimi naogopa, na ninapoogopa nakasirika.

Basi Jumapili nikapanda barazani, nikapiga kelele. Nikawaambia nkambo alikuwa nani, dawa ile ilikuwa mzizi gani, nani katika mtaa huu alishibishwa naye. Nikawauliza kama wao wana bibi nyumbani, na kama wangependa watu wa mji mwingine waje kumwagia chumvi mlango wake. Machozi yakanitoka. Yule kijana akashusha kipaza sauti. Nikasema moyoni, asante Mungu, wameelewa.

Kisha wakapiga makofi.

"Bravo, maman! Anafanana na bibi wa filamu kabisa!" Simu zote juu. Yule wa kipaza sauti akaninong'oneza, "Ongeza kidogo, maman, banapenda sana." Na msichana mmoja, mpole, akakunja magoti mawili kwa heshima, akaniomba nirudie pale pa dawa kwa sababu hakuwahi kurekodi mwanzo.

Mkono ukanivuta nguo kutoka nyuma. Mama mdogo akaniingiza ndani, akafunga mlango.

"Nyamaza, mutoto yangu," akasema. "Ukikasirika, unabapatia kipande kingine."

Pori la Kinsevere limekwenda, mawe yetu ya kupondea yamekwenda, na ladha ile nimeanza kuisahau. Hayo yote nayavumilia, dunia ndivyo ilivyo. Lakini mwanamke kukosa mahali pa kukasirikia katika lupango la mama yake, hilo silivumilii. Tulikaa kitandani bega kwa bega, tumejificha kama wezi. Nje walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu, ili wote wacheke pamoja katika picha.