Fundi Sponji na Kiwanda cha Saruji

Fundi wa makochi wa mtaa wetu tulimwita Sponji, na jina lilimkaa. Vipande vya sponji vilimganda nyweleni tangu asubuhi, hata mgeni akadhani ni mzee wa mvi, mpaka ajipige kofi la kichwa ujana umrudie. Kazi aliijua. Kochi likipita mikononi mwake, ukilikalia hutaki kusikia habari za kuinuka. Mkewe alikuwa upande wa pili wa karakana, akishona vitambaa vya kufunikia. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alishinda mlangoni kwenye kiti cha mteja yeyote aliyechelewa kuja kuchukua mali yake.

Mambo yalianza siku karani mmoja wa benki alipoleta kochi lililobonyea katikati kama sufuria.

"Fundi, huu ni mwaka wa uchaguzi," karani akasema. "Rais kaahidi barabara na madaraja nchi nzima. Unajua maana yake?"

"Vumbi," akajibu Sponji.

"Saruji! Nunua hisa za kiwanda cha saruji. Ukiwa na hisa, kiwanda ni chako."

Karani alimaanisha chako kidogo. Sponji akasikia kiwanda. Akaenda kwa dalali wa hisa mjini, akanunua kiasi ambacho, kwa haki, kingempa umiliki wa komeo la lango. Akarudi anatembea mikono nyuma.

Kuanzia hapo tukakoma. Lori la saruji likipita barabarani, Sponji alitoka nje na kumnyooshea dereva kidole: "Taratibu na hiyo kona! Unabeba mali ya watu!" Akikuta waashi wanachanganya zege, alisimama juu yao, akatikisa kichwa. "Mchanga umezidi. Ongezeni saruji, mnatuharibia jina." Siku moja waashi wakamwongezea maji. Akarudi nyumbani amelowa mpaka soksi, lakini hakukasirika. Alisema kila mwenye kampuni ana maadui.

Kilichomsumbua hasa ni Rais. Dalali alimweleza kwamba soko la hisa husikiliza wakubwa: wakubwa wakisema neno la kujenga, bei hupanda, wakisema neno la kodi, watu hushikwa na wasiwasi, wanauza, bei inashuka. Sponji akaichukua elimu hiyo, akaipeleka mbali kuliko ilikotaka kwenda. Akawa hakosi hotuba hata moja. Jioni moja Rais akakohoa katikati ya sentensi, na Sponji akasukuma sahani kando.

"Baba watoto, kikohozi tu hicho," mkewe akasema.

"Wewe unaona kikohozi. Soko linaona makamu wa rais."

Mama mkwe naye alimpenda Rais kwa sababu zake mwenyewe. Alisema ana meno mazuri. Kila hotuba aliipigia makofi, hata ile ya kutangaza msiba, mpaka bintiye akamshika mikono.

Basi ikafika siku ya mkutano mkubwa wa kampeni. Redio ilikuwa wazi karakanani. Sponji alikuwa amepiga magoti anagongea kitambaa kwenye kochi, misumari midogo imejaa mdomoni kama kawaida ya mafundi. Rais akasema kwa sauti ya baba mwenye zawadi: "Wananchi wangu, kila mtu ana haki ya kujenga! Kuanzia mwezi ujao, saruji kutoka nje itaingia bila ushuru. Bei itakuwa ya chini!"

Mtaa mzima ukalipuka. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mwenye duka la jirani akakumbatiana na mtu anayemdai. Sponji peke yake alikuwa chini, macho yamemtoka, anasema, "Mmmm! Mmmmmm!"

"Toa misumari kwanza!" mkewe akapiga kelele. "Usimeze! Tema!"

Akatema. "Saruji ya nje ikishuka bei, nani atanunua yangu?"

Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni kwa dalali. Ndani, namba zilikuwa nyekundu ukuta mzima, na watu wenye suti walikuwa wakipigana vikumbo bila adabu yoyote.

"Fundi, tulia," dalali akamsihi. "Hayo ni maneno ya kampeni. Subiri kidogo uone."

"Uza!"

"Unauza kwa hasara."

"Uza kabla hajakohoa tena!"

Akauza. Akarudi nyumbani, akajitupa kwenye kochi la karani, akawaambia wenzake hisa zimeshuka kama ndoo iliyokatika kamba.

Mama mkwe akageuka pale mlangoni. "Zimeshuka? Kiwanda kimeungua?"

"Hapana, mama. Kiwanda kipo."

"Wafanyakazi wamekufa?"

"Wazima wote."

"Sasa kitu kizima kikishuka bei si ndiyo watu hununua? Mwanangu, wewe vitunguu vikiwa ghali unajaza kapu, vikiwa rahisi unavirudisha sokoni?" Akafungua fundo la kanga, akatoa pesa alizopewa na kikundi chake cha akina mama, akamwambia bintiye, "Nipeleke kwa huyo dalali."

Sponji alicheka siku ile mpaka sponji zikamdondoka.

Wiki haikuisha. Wenye viwanda walilalamika, wafanyakazi wakaandamana, na msemaji wa Ikulu akajitokeza kufafanua. Alisema Rais alisema, lakini hakusema hivyo. Na kama alisema hivyo, hakumaanisha mwezi huo ujao, bali ujao mwingine. Ushuru ukabaki palepale. Bei ya hisa ikapanda ikapita hata pale Sponji alipoanzia.

Sponji akanuna. Akawa anamsalimia mama mkwe akiangalia dari. Alinuna hivyo hadi ulipofika mkutano wa mwaka wa wenye hisa, na mama akahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Akamchagua yeye. Huwezi kumkatalia mama mkwe, hata ukiwa na kinyongo cha saruji.

Ukumbini, mkurugenzi alisoma faida kwa lugha ngumu, kisha akauliza kama kuna swali. Mama akasimama.

"Baba, nashukuru kwa faida. Lakini hiki kiti chenu kinanichoma tangu nikae. Kampuni tajiri, sisi wenye mali mnatukalisha kwenye miiba?"

Ukumbi ukacheka, halafu ukaanza kujipapasa. Kumbe kila mtu alikuwa akichomwa na kunyamaza kwa heshima.

"Mkwe wangu huyu ni fundi," akaendelea, akimwinua Sponji kwa kola. "Mwangalieni kichwa, ushahidi huo hapo."

Ndivyo Sponji alivyopata kazi ya kushona upya viti vya ukumbi mzima, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Alifanya na mkewe miezi kadhaa, wakachukua na vijana wa kuwasaidia. Uchaguzi ukapita katikati, yeye yuko uvunguni mwa kiti, hana habari.

Siku hizi taarifa ya habari ikianza, Sponji husema, "Tafuteni muziki jamani."

"Iacheni hapo hapo!" mama mkwe hujibu kutoka mlangoni. "Wengine tuna mali ya kulinda. Na huyu Rais mpya mbona hacheki?"