Nilimwambia Baba Injini Ni Ileile

Admin, jina langu lifiche na picha ya gari usiweke, maana hapa Dodoma wanaolijua ni wengi. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, Mgogo wa kuzaliwa Mvumi, nina mke na watoto, naishi Nzuguni. Aibu niliyonayo imefika mahali chakula hakipiti. Mnaotaka kunitukana nitukaneni, ila mkimaliza mnisaidie.

Baba yangu ni mzee na haoni kabisa, macho yaliondoka kwa presha ya macho. Zamani alikuwa dereva wa daktari mmoja Mzungu, na yule daktari alipoondoka nchini alimwachia gari lake la michezo, la Kiingereza, milango miwili, paa la turubai. Maharusi wangapi pale kijijini wamepanda lile gari! Baba alipopofuka hakutaka hata kusikia habari ya kuliuza. Lilikuwa halitembei tena, kutu tupu, lakini injini inawaka. Basi kila Jumapili baada ya ibada anakaa kwenye usukani, analiwasha, analiacha linaunguruma pale pale uani, halafu anachukua zeze lake. Anakaza nyuzi mpaka ziafikiane na ule muungurumo, ndipo anaanza kupiga, na majirani wanakuja kuimba. Wagogo mnatujua kwa kuimba. Watu walikuwa wanasema mzee ana bendi ya wawili, yeye na gari.

Mwaka jana nikamwomba nilichukue nilitengeneze. Akafurahi sana. Akasema, "Bodi paka rangi unayotaka, mimi sioni. Injini isafishe tu, usiibadilishe." Nikamjibu, "Sawa baba."

Nililitengenezea nyuma ya nyumba yangu, mimi na rafiki yangu fundi. Tukakata kutu, tukanyoosha bodi, tukapaka rangi nyekundu, tukashona viti vya ngozi. Nikaanza kuweka picha mtandaoni. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Sifa zikamiminika, watu wananiita bosi, hadi wa Arusha na Mwanza wananiandikia. Wakaanza kunicheka eti gari zuri hivi bado lina injini ya kikongwe, ng'oa hiyo. Kichwa kikavimba. Nikaing'oa, nikafunga ya kisasa ya Kijapani, ile ya baba nikampa mtu wa vyuma chakavu akaenda kuiyeyusha. Jamani, sikuwaza hata mara mbili.

Baba alikuwa anapiga simu kila mara. "Injini ni ileile, eeh?" Namjibu, "Ileile baba, tumeisafisha tu."

Siku ya kulirudisha ilikuwa Jumapili. Nakuta baba kavaa koti lake la sikukuu, kawaita wazee wenzake wote na kina mama wa kwaya. "Mbukwenyi!" anawasalimia, kajaa furaha. "Mwanangu kanirudishia gari langu. Leo mtaimba mpaka sauti zikauke!" Nikamshika mkono akaketi. Akawasha.

Injini mpya haina kelele. Ukisimama karibu unasikia kama cherehani kilichoko chumba cha pili. Baba akainamisha kichwa akauliza, "Imewaka?" Nikasema imewaka. Akachukua zeze akaanza kukaza nyuzi. Akakaza, akalegeza, akakaza tena. Kina mama wanasubiri kuanza. Mzee mmoja, mtani wake, akapaza sauti: "Ewe mzee, na masikio nayo yamefuata macho?" Watu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka. Akasema polepole, "Inaelekea ndivyo." Akaliweka zeze chini.

Na mimi nilikuwa pale. Nimesimama pembeni ya gari, natabasamu kama mjinga. Neno moja tu lilitosha, na sikulisema. Niliona watu wengi, nikaona haya, nikamwacha baba yangu mzazi aaibike badala yangu. Kisha nikala pilau lake nikaondoka.

Tangu hapo zeze limetundikwa ukutani. Dada yangu anayekaa naye ananiambia baba sasa haongei, akisemeshwa anajibu, "Rudia, mimi sisikii vizuri," na wakati anasikia! Kanisani amehama kiti, anakaa mbele kabisa karibu na mchungaji. Yeye mwenyewe ameshajiwekea akilini kwamba anakuwa kiziwi juu ya upofu.

Mke wangu ananiambia nitafute injini ya aina ile ile ya zamani niifunge kimyakimya. "Atadhani masikio yamerudi, atamshukuru Mungu, na wewe utapumua." Rafiki yangu ameshaiona moja Arusha. Lakini baba ni mzee wa kanisa. Namjua, atasimama mbele ya waumini atoe ushuhuda wa muujiza, na muujiza wenyewe nimeufunga mimi kwa spana. Mungu ataniangaliaje?

Kusema ukweli nako naogopa. Ana mimi na dada tu, na mtu asiyeona anaishi kwa maneno ya watu wake. Akijua nilimdanganya kwa sababu haoni, ataamini nini tena kutoka kwangu?

Juzi dada alimpeleka hospitali. Daktari akampima akasema masikio ni mazima, hayana shida yoyote. Nikashusha pumzi, nikajua hapo atagundua mwenyewe, nami nitaponea hapo. Dada anasema baba alimwambia daktari: "Asante mwanangu, lakini unanifariji tu. Kama masikio yangu ni mazima, basi mtoto wangu ni mwongo. Na mtoto wangu si mwongo."

Nishaurini ndugu zangu, naanzaje kumwambia?