Siku Nilipomfunga Leso Mzee wa Gitaa

Haya, chekeni tu, maana mke wangu alianza kabla yenu na mpaka leo hajamaliza. Miaka ile ya tisini nilikuwa kibarua wa jukwaani hapa Minneapolis, kubeba spika na kutandika nyaya, kila waya nikiuhesabu mara mbili (wenzangu waliniamini, mimi sikuwaamini), na msimamizi wetu, Dale, akaniahidi kwamba tamasha la bustanini likienda salama nitapandishwa: nitakuwa wa kumpokeza magitaa yule mzee mpiga gitaa mwenyewe, ambaye kanda zake nilizisikiliza mpaka zikaanza kukwaruza. Sharti lilikuwa moja. "Muziki ukianza," Dale akasema, "sitaki kukuona jukwaani."

Asubuhi, wakati wa kujaribu vyombo, mzee alikirudia kipande kimoja tu, tena na tena, mpaka kikamtii, na nilipompa waya akaniambia, "Ahsante, kijana." Nikawa nimekwisha. Nikaenda kwenye gari, nikachukua leso mpya ya mke wangu, kanga ya kujifunga, nikaichomeka ndani ya shati. (Ya tahadhari tu, ndivyo nilivyojidanganya.)

Mchana mzee akapiga, jamani, akalibembeleza lile gitaa mpaka mimi huku nyuma ya pazia mabega yakaanza kwenda yenyewe, nikachungulia watu, nikawaona wameketi kwenye viti vya kukunja wanatafuna bisi! Kwetu Mombasa mtu akikukonga roho namna ile unainuka, unacheza mpaka alipo, unamtunza, unamfunga leso kiunoni, na hapa hakuna hata mmoja. Nikaona aibu kwa niaba yao. Nikatoka mdogo mdogo, kwa madaha yote, nikamzungushia leso kutokea nyuma, nikapiga fundo, halafu la pili, kuhakikisha.

Mtu akishikwa kiuno ghafla na asiyemjua huruka. Akaruka. Kumbe fundo langu lilikuwa limekamata na waya wa gitaa, spika ikaja chini kwa kishindo, muziki ukakatika, na walinzi wawili wakanilalia.

"Anataka nini huyu?" mzee akauliza, na kipaza sauti kikauliza bustani nzima.

Mwenzangu wa kazi, Mutua, Mkamba wa Machakos, akaja mbio. "Amekupenda, mzee! Kwao ndivyo wanavyomtunza mpigaji hodari!" Kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Wewe bro, nani alikwambia hapa ni harusi ya shangazi yako?"

Mzee akaitazama leso, akacheka. "Basi mwachieni anifungue." Nikafungua kwa meno, nimepiga magoti mbele ya halaiki, fundo moja likaachia waya, la pili likagoma. "Liache," akasema, na akamaliza tamasha lote na leso kiunoni, na ndipo wale wa bisi wakainuka wakacheza!

Nikaona hapo pana nafasi ya kupatana. Nikamfuata Dale. "Tugawane kosa, nusu langu, nusu la spika."

"Spika haikuomba kupandishwa."

"Lakini watu waliinuka, Dale, hukuwaona?"

"Niliwaona. Na wewe nilikuona."

Magitaa akapewa Mutua, mimi nikapelekwa kuelekeza magari. Leso mzee aliondoka nayo; mke wangu alipoiulizia nikamwambia iko ziarani. Siku hizi gitaa likinikolea, hata liwe la kijana wa kwaya kule kitongoji cha Crystal, nakalia mikono yote miwili.